Chambo kwa Samaki Watatu wa Padri

14 Machi 1978, Jumanne

Nimerudishwa nyumbani. Sisi wanachuo tulioandamana tumetawanywa nchi nzima, kila mmoja kwa wazazi wake, kama vifurushi vya posta. Kifurushi changu kilishushwa jana kituo cha basi cha Ushirombo, kikatembea saa tatu kwenye matope hadi kijijini. Naanza daftari hili kwa sababu moja: siku historia itakapouliza vijana wasomi walikuwa wapi wakati wakubwa wakijiongezea mishahara, nataka jibu langu liwe limekwisha kuandikwa kwa wino.

Mama alinipokea mlangoni. Nilimwamkia, kisha nikaanza kumweleza misingi mitano ya msimamo wetu. Alinisikiliza mpaka msingi wa pili.

"Umekonda, Ansgar," akasema. "Kula kwanza. Serikali utaiangusha kesho."

15 Machi

Mvua kutwa.

17 Machi

Nimekwenda kumsalimu Mjomba Otmar, kaka yake Mama, ambaye hapa wote humwita Baba Febronia. Alikuwa mpishi wa misheni kwa miaka ishirini na mitatu. Padri wa mwisho aliyempikia alirudi kwao mwaka 1964, akamwachia sufuria ya shaba na kazi ya kuangalia bwawa. Bwawa si la Mjomba. Tangu kijiji kiandikishwe limekuwa mali ya kijiji, na perege na kambare waliomo humo huvuliwa na yeyote mwenye ndoana. Lakini wamo pia samaki watatu ambao Padri aliwaleta ndani ya debe wakiwa wadogo kama kidole. Kwa lugha yetu hawana jina, watu husema tu "samaki wa Padri." Wana magamba mapana, ndevu nne fupi mdomoni, na kila mmoja sasa ana uzito wa mtoto anayejua kukimbia. Hawajawahi kuacha kizazi. Kambare hula mayai yao.

Nilimkuta Mjomba akitwanga mashudu ya pamba kinuni.

"Shikamoo, Mjomba. Unapikia ng'ombe siku hizi?"

"Marahaba. Napikia wageni."

Kijiji kimepanga kukata tuta la bwawa mvua zikipungua, ili bonde lote liwe shamba la mpunga la ujamaa. Mjomba hapingi mpunga. Anachotaka ni kuwatoa samaki watatu wakiwa hai kabla ya siku hiyo, awapeleke kwenye lambo jipya la Sista Klara, kilomita nne kutoka hapa, ambamo hakuna kambare hata mmoja. Huko, anasema, huenda wakazaa.

Nilimwuliza kwa nini asitumie wavu.

"Wavu nimetupa miaka kumi na nne. Wanausikia ukigusa maji, wanalala chini kwenye tope, wavu unapita juu yao kama blanketi."

"Basi ngoja bwawa likauke, uwaokote."

"Siku hiyo wataingia watu mia mbili na majembe," akasema, akaendelea kutwanga.

20 Machi

Kwa kuwa sina mhadhara wa kuhudhuria, nimehudhuria jikoni kwa Mjomba. Naandika utaratibu wake kama nilivyouona.

Vikombe viwili vya mashudu yaliyotwangwa na kuchekechwa. Kikombe kimoja cha unga wa mahindi. Nusu kikombe cha karanga zilizokaangwa mpaka zitoe mafuta. Yai moja la kushikanisha. Vijiko viwili vya asali ya porini na mdalasini kiasi cha ncha ya kisu. Unga unakandwa mpaka usishike vidole, unaviringishwa vidonge vya ukubwa wa kungu, vinachemshwa kwenye sufuria ya shaba mpaka vielee, kisha vinaanikwa kivulini juu ya ungo siku mbili. Ndipo jaribio: kidonge hutiwa ndani ya bakuli la maji, na Mjomba huanza rozari. Kikimeguka kabla hajamaliza makumi yote matano, mkupuo mzima hupewa kuku.

Mimi nisiyesali nilipima kwa saa ya mkono. Dakika kumi na nane.

"Kwa hiyo ungeweza kusema dakika kumi na nane," nikamwambia.

"Ningeweza. Lakini saa yako haijui siku ambayo mpishi ana haraka. Rozari ninajisikia mwenyewe nikiikimbiza."

21 Machi

Mama amegundua mayai yanakwenda wapi. Ameanza kuyahesabu kwa sauti ninapopita.

24 Machi, Ijumaa Kuu

Kijiji kizima kiko kanisani. Nimebaki nyumbani, nikaandika kurasa nne kuhusu dini na utii, nikazichana. Hazikuwa na kosa la hoja. Zilikuwa zinafanana na kurasa nilizoandika mwaka wa kwanza.

29 Machi

Nimekaa na Mjomba ukingoni tangu asubuhi. Havui bado. Kila siku, saa nne kamili, hutupa vidonge ishirini mahali palepale, karibu na jiwe jeupe, bila ndoana, kisha huketi. Huu ni mwezi wake wa pili wa kufanya hivyo. Anasema samaki huyu haumwi njaa kama kambare, huyu huzoea. Akishazoea mahali, saa na ladha, ndipo siku moja kidonge kimoja kati ya ishirini kinakuwa na ndoana, na hiyo ndoana imesagwa mwiba ili isimchane mdomo.

Nilimwambia, kwa heshima yote, kwamba huo ndio utaratibu kamili ambao tabaka tawala hutumia dhidi ya umma: posho leo, posho kesho, ndoana keshokutwa. Nilimwuliza pia kama haoni ajabu kuwatumikia samaki walioletwa na wakoloni.

"Walikuja wadogo," akasema. "Hawakumtawala mtu."

Baadaye, bila kuulizwa, akaongeza: "Nimepika miaka ishirini na mitatu. Kila asubuhi naletewa karatasi: leo supu, leo kuku, leo Askofu anakuja. Sikatai, ilikuwa kazi nzuri. Lakini hawa hakuna aliyeniletea karatasi niwalishe. Padri alisema 'angalia bwawa.' Kulisha nilianza mwenyewe."

3 Aprili

Nimefanya marekebisho. Hoja yangu ilikuwa ya kisayansi: asali ni utamu tu, bali dagaa ni protini, na kiumbe anayekua hutafuta protini. Mjomba alipokwenda juzi kwa Febronia, binti yake aliyejifungua, aliniachia mkupuo wa kupika. Nikaondoa asali, nikatia kikombe kizima cha unga wa dagaa.

4 Aprili

Kambare. Kambare kila mahali kwenye jiwe jeupe, wakipigana kama watu waliosikia duka la ushirika limepokea sukari. Samaki wa Padri hawakuonekana.

8 Aprili

Mjomba amerudi. Alinusa ungo, akaninusa mimi vidole.

"Dagaa."

"Nilifikiri, kwa upande wa lishe..."

"Ulimpikia nani?"

Sikuelewa swali. Akalirudia polepole, kama kwa mtoto wa jikoni: "Nauliza, ulipokuwa unapika, ulikuwa unampikia nani? Kambare au wale watatu?"

Tutaanza upya kwa asali. Hakunigombeza zaidi ya hapo. Ningependelea anigombeze.

12 Aprili

Mvua. Asali imepungua, naambiwa nyuki hawatoki.

19 Aprili

Saa nne na robo leo maji karibu na jiwe yalifura bila upepo, na mgongo mmoja ukapita juu, wa rangi ya shaba ya sufuria. Mjomba alinishika mkono nisinyanyuke. Aliushika kwa nguvu kuliko nilivyodhani mzee anaweza.

23 Aprili, Jumapili

Lazima niandike haya yote kwa ukamilifu, kwa sababu nimefanya kosa na sitaki kulipunguza.

Baada ya Misa kulikuwa na mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wetu ni Mabula, mfugaji, Msukuma aliyehamia hapa wakati wa operesheni ya vijiji, mtu mnene wa maneno machache. Ajenda ya tatu ilikuwa bwawa. Mabula alisimama akasema suala la kukata tuta "linaangaliwa," mvua bado, vifaa havijatimia, tutajulishana. Akataka kwenda ajenda ya nne.

Nikasimama.

Nilisema kwa dakika ishirini. Nilisema kwamba kijiji cha watu huru hakiendeshwi kwa maneno "linaangaliwa" na "tutajulishana." Nilisema uongozi unaojificha nyuma ya mawingu ya mvua unajenga tabaka lake kimyakimya. Nilisema mwenyekiti ni mtumishi wa mkutano na si mchungaji wa ng'ombe wake. Watu walicheka hapo, nami nikafurahi wakicheka. Nikamaliza kwa kudai kwamba tarehe itajwe, hapahapa, hadharani, na iandikwe kwenye muhtasari.

Mabula alisubiri kicheko kiishe.

"Umemaliza, Mwanachuo?"

"Nimemaliza."

"Karani, andika. Mwanachuo anataka tarehe. Tuta litakatwa Jumamosi hii, tarehe ishirini na tisa. Kila kaya itoe mtu mmoja na jembe. Ajenda ya nne."

Nikamtazama Mjomba. Alikuwa anatazama kofia yake.

Tukiwa njiani ndipo aliponieleza, na hakupandisha sauti. Mwezi wa pili alikwenda kwa Mabula na kibuyu cha asali, akamweleza habari za samaki watatu. Mabula alicheka, akasema hajapata kusikia mtu anayehamisha samaki kama ng'ombe, lakini akaahidi kuivuta ajenda hiyo mpaka mwezi wa sita. Akaivuta mara tatu. Leo ilikuwa ya nne.

"Kwa nini hukuniambia, Mjomba?"

"Ungekaa nayo kimya?"

24 Aprili

Asubuhi nilikwenda kwa Mabula. Nilimkuta zizini akimkamua ng'ombe mwekundu.

"Mwangaluka," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka mhola. Leo tumesalimiana."

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na kwamba adhabu yangu isimwangukie Baba Febronia. Aliendelea kukamua mpaka kata ikajaa.

"Jana ulinitukana wapi?"

"Mkutanoni."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya kijiji."

"Sasa unaniomba radhi mbele ya huyu," akasema, akampiga ng'ombe kofi la kiuno. "Huyu hakusikia matusi yako. Hata akikusamehe haitasaidia. Kwetu neno hurudishwa pale lilipotupwa. Jumatano kuna mkutano wa kugawa mabomba ya dawa ya pamba. Njoo."

"Na tarehe?"

"Tarehe uliiandikisha wewe. Unataka niifute mimi nikiwa zizini?"

25 Aprili

Mjomba amefunga ndoana. Vidonge vitatu kati ya ishirini. Hakuna kilichoguswa. Mama amenipa mayai matatu bila kuyahesabu.

26 Aprili

Niliandaa hotuba jana jioni: utangulizi, kiini, hitimisho. Nilipoitwa mbele niliona nyuso za watu waliokuja tayari kucheka, na nikatambua kwamba hotuba ile ilikuwa nzuri na kwamba wangeipenda. Nikaiacha mfukoni.

Nilisema: "Jumapili nilimtukana Mwenyekiti. Nilidai jambo nisilolijua. Naomba radhi kwake na kwenu, na naomba siku ya kukata tuta isogezwe wiki moja, kwa ajili ya Baba Febronia."

Mama mmoja nyuma akauliza: "Imeisha?" Watu wakacheka, lakini safari hii nilisimama ndani ya kicheko chao.

Mabula akasema: "Karani, andika tarehe sita Mei. Wiki moja, si zaidi, mbegu za mpunga zinaoza ghalani." Akanigeukia. "Na Mwanachuo atachimba mfereji wa maji, yeye peke yake, kutoka tutani mpaka mpera ule."

Nimehesabu hatua. Ni mia moja na kumi.

28 Aprili, Ijumaa

Tumempata wa kwanza.

Saa nne na dakika tano mwanzi ulipinda taratibu, bila ule mshtuko wa kambare, kama mtu anayeinama kuokota kitu. Mjomba hakuvuta. Alitembea naye ukingoni, mbele na nyuma, karibu saa nzima, akimzungumzisha kwa Kisumbwa maneno ambayo sikuwa nimeyasikia tangu nilipokuwa nabebwa mgongoni. Tulimtoa majini akiwa ndani ya gunia lililoloweshwa, tukamweka kwenye pipa, na pipa kwenye mkokoteni wa maksai. Nilikaa nyuma nikimmiminia maji kwa kata njia nzima. Sista Klara alitupokea lambo lake likiwa limejaa hadi kwenye majani.

"Huyu ndiye?" akauliza. "Nilidhani mnaniletea kitoweo."

"Ukimla huyu, Sista," Mjomba akasema, "nitahamia Uislamu."

1 Mei

Mfereji: hatua arobaini. Malengelenge saba. Nimegundua kwamba nimeandika mara nyingi kuhusu wafanyakazi katika sikukuu hii, na kwamba leo ni mara ya kwanza kuiadhimisha nikiwa na jembe.

2 Mei

Hakuna.

4 Mei

Wa pili, saa nne na nusu, mdogo kidogo kuliko wa kwanza. Amefika lamboni salama. Amebaki yule mkubwa kuliko wote, ambaye mgongo wake niliuona tarehe kumi na tisa. Mjomba amepika mkupuo wa mwisho kwa asali yote iliyobaki ndani ya nyumba mbili.

5 Mei

Tulikaa ukingoni tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka giza. Alikuja. Alikula vidonge vyote ishirini isipokuwa vile vitatu.

Kwa hesabu ya kawaida, nisingesimama ile Jumapili tungekuwa na wiki nne zaidi. Naandika hesabu hiyo mara moja tu.

6 Mei, Jumamosi

Tuta lilikatwa saa mbili. Maji yaliondoka kupitia mfereji wangu, na nakiri ulikuwa umenyooka. Kufikia saa saba bwawa lilikuwa tope, na watu wakaingia na matenga, majembe na watoto. Mjomba hakuja. Mimi niliingia kwa niaba ya kaya yake, na nilikuwa na kusudi moja: kumfikia yule mkubwa kabla ya mtu mwingine yeyote, nikiwa na gunia bichi begani.

Nilikuwa hatua kumi kutoka alipoibuka. Tope liliinuka, mkia ukapiga, na kijana mmoja wa upande wa pili akapiga kelele "Kamongo!" Kamongo akiwa topeni humng'ata mtu kidole kikaondoka, na hapa kila mtu amefundishwa tangu utotoni kwamba humpigi mara moja. Alimpiga mara tatu kwa mpini wa jembe. Nilipofika alikuwa ameshatambua kosa lake.

"Sikujua," akasema. "Kaka, sikujua."

Nami nilikuwa na maneno. Nikamwambia najua.

Samaki waligawanywa kwa mafungu, kila kaya fungu lake. Jioni Mabula alikuja kwa Mjomba kwa miguu, akiwa amembeba yule mkubwa mwenyewe, ndani ya majani ya mgomba.

"Baba Febronia, kijiji hakina upendeleo," akasema. "Leo nimependelea. Usinisemee kwa Mwanachuo."

Mjomba alimshukuru, akamkaribisha kiti, akaomba kisu. Alimparua magamba na kumpasua kama alivyofanya miaka ishirini na mitatu, kwa mkato mmoja usiotetemeka. Kisha mkono ukasimama. Tumbo lote lilikuwa mayai, manjano, mengi kuliko ambayo yangeenea kwenye bakuli kubwa la Mama.

"Alikuwa jike," Mjomba akasema.

Sisi watatu tulikuwa tunaliendea jambo lilelile, kila mmoja kwa mwendo wake. Mabula, ambaye maisha yake yote amehesabu majike na madume, alifika kwanza.

"Na wale wa kwa Sista?"

"Sijui," Mjomba akasema. "Miaka yote sijawahi kumshika mmoja mkononi. Mimi ni mpishi. Samaki namjua akishapasuliwa."

Alimpika kwa nyanya na limau. Ilikuwa kazi ya ufundi mkubwa. Tulikula wote, na Mabula akala zaidi.

21 Mei

Mvua zimekwisha. Fomu ya kuomba kurudi Chuo imefika. Sehemu ya "maelezo ya mhusika" ina mistari sita.

17 Juni, Jumamosi

Mjomba alianza upya mwezi uliopita, safari hii kando ya lambo la Sista Klara: saa nne, vidonge ishirini, mahali pamoja. Mabula ndiye aliyemfundisha cha kufanya, baada ya kuuliza bwana samaki mmoja aliyepitia Kahama: ukimshika, mbonyeze tumbo kwa upole kuelekea mkiani. Dume hutoa kitu kama maziwa.

Leo ameingia ndoanani mmoja, yule wa kwanza. Mjomba alimbonyeza ndani ya maji, bila kumtoa. Kidole gumba kilitoka cheupe.

"Dume!" akapaza sauti, akacheka, na Sista Klara akatoka mbio akidhani kuna nyoka. "Basi yule mwingine ni jike."

"Au dume vilevile," nikasema. "Kwa mantiki, hili la kwanza halituambii chochote kuhusu..."

"Nyamaza, mpwa wangu. Hapa si Chuo."

2 Julai

Yule wa pili ameingia leo. Alikuja polepole, bila vita. Nilishuka majini mpaka kiunoni, nikamshika kwa chini kwa viganja viwili kama nilivyoelekezwa, na Mjomba akaweka kidole gumba tumboni mwake. Niliona tumbo lile. Halikuwa nene wala halikuwa jembamba. Nilisubiri.

Mjomba aliondoa kidole, akaitoa ndoana, akausukuma mkono wangu chini. Samaki akaondoka.

"Hukubonyeza," nikasema.

"Sikubonyeza."

"Tumengoja wiki sita. Tungejua leo."

"Tungejua." Alikuwa anakunja uzi wake kwenye kijiti, pindo kwa pindo. "Nikijua ni dume, Ansgar, kesho asubuhi nitaamka nipike nini?"

Nilikuwa na hoja tatu za kumjibu, na zote zilikuwa sahihi. Nikabeba ndoo, tukaondoka.